Mtandao wa Watu Saba

Jalada la Albina Kapele lilikuwa limebakiza maelezo ya shahidi mmoja tu, na Inspekta Msaidizi Asnath Sikazwe alitaka kuyamaliza kabla ya chai. Jumatatu jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, Albina angepandishwa kizimbani, na yeye Asnath angegeukia kesi zenye kichwa na miguu.

Hii ilikuwa imemchosha. Albina, mjane wa kijiji cha Itelele, njia ya Kaengesa, alikwenda ghala la ushirika mwezi wa kwanza kuchukua magunia yake kumi na nane ya ulezi. Viongozi wakafungua mtandao wao, wakatazama, wakasema huyu mama hajawahi kuleta hata debe. Mama akang'ang'ania kwamba alileta. Mtunza ghala aliyedaiwa kuupokea mzigo alikuwa ameshaacha kazi na kuhamia Mpanda, simu haipatikani. Kesi ikawa ya kujaribu kujipatia mali kwa udanganyifu. Asnath mwenyewe alikwenda kumkamata, tena siku ya mnada, watu wamejaa, na kwenye jalada akaandika kwa mkono wake kwamba kumbukumbu za mtandao huo hazifutiki.

Shahidi wa mwisho alikuwa Jenifer, fundi wa kompyuta mwenye ofisi Majengo, ambaye ndiye aliyeufungia ushirika mtandao huo. Alikuja na kompyuta yake mkobani na kikohozi cha vumbi la barabarani.

"Nieleze kama unamweleza hakimu mwenye simu ya kitochi," Asnath alisema, kalamu mkononi.

"Inaitwa blokucheni, afande. Ni kumbukumbu moja inayokaa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Mzigo ukipimwa, unaandikwa kwenye mashine saba za watu saba. Ukitaka kubadilisha kitu, lazima watano kati yao wakubali. Wasipokubali, hakibadiliki."

Asnath aliacha kuandika. "Saba? Kwenye mkutano wenu mlisema dunia nzima."

Jenifer alijikuna shingo. "Dunia nzima ulikuwa ule wa kwanza. Unaitwa Bara. Huu wa sasa ni Upepo."

"Tofauti yake?"

"Mwendo. Bara unaendeshwa na maelfu ya kompyuta za watu wasiojuana, mmoja yuko Brazili, mwingine Japani. Hakuna anayeweza kuwaita kikao wote wakadanganye pamoja. Lakini ni mzito. Mkulima anaweka gunia kwenye mizani, tunasubiri Bara ujibu. Siku nyingine saa nzima. Na unaijua baridi ya huku mwezi wa saba, afande, watu wamejipanga nje, upepo unawachapa. Wazee wakaanza kunitukana kwa Kifipa wakidhani sisikii."

"Na Upepo?"

"Sekunde mbili tu, taa ya kijani imewaka. Mashine ni chache, zinakubaliana haraka. Mkutano mkuu ulipiga makofi siku tuliyohama."

"Kwa hiyo mlipata mwendo kwa kupunguza mashahidi."

"Ukiliweka hivyo linauma," Jenifer alisema. "Lakini ndiyo."

Asnath hakupenda alivyojisikia. Jalada lilikuwa wazi mbele yake, na maneno "hazifutiki" yalikuwa yamepigiwa mstari, mstari wake mwenyewe. Alikuwa ameandika sifa za Bara juu ya mtandao wa Upepo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna miwili na yeye hakuuliza.

"Bara mliutupa kabisa?"

"Hapana. Kila Ijumaa jioni Upepo unatoa alama ya kumbukumbu zote mpaka siku hiyo. Kama dole gumba vile. Ukigusa herufi moja tu ndani, dole gumba linakuwa jingine. Alama hiyo inapelekwa Bara na kukaa huko. Mtu wa Itelele hana mkono wa kuifikia."

"Umewahi kulinganisha alama za Bara na Upepo wa leo?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Nakuomba mimi."

Walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta. Jenifer alianza na mwezi wa sita, Ijumaa moja baada ya nyingine. Alama ya Bara na alama aliyoikokotoa upya kutoka Upepo zilifanana. Mwezi wa saba zikafanana. Walipofika Ijumaa ya wiki ya Nane Nane, Jenifer alisogeza uso karibu na kioo.

"Hazifanani."

"Rudia."

Alirudia, majibu yakawa yale yale. Ijumaa iliyofuata nayo haikufanana, na zilizoifuata zote, mpaka wiki ya kuelekea Krismasi. Baada ya Krismasi alama zikaanza kufanana tena.

"Maana yake," Asnath alisema taratibu, "baada ya Krismasi, mtu aliingia akabadilisha kitu kilichoandikwa wiki ya Nane Nane. Alama za Ijumaa zilizotangulia badiliko hilo zilishakwenda Bara, hakuweza kuzigusa."

"Ndivyo, afande."

Asnath alifunua jalada mpaka maelezo ya mtuhumiwa. Hakuhitaji kusoma mbali. *Ulezi wangu niliupeleka wiki ya Nane Nane, nikaonyeshwa taa ya kijani, nikaambiwa siku hizi hakuna karatasi, niende nyumbani.* Mama wa watu alisema hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na Asnath alimwambia aache kumpotezea muda. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alishukuru kwamba Jenifer alikuwa bado anatazama kompyuta.

"Wewe unaweza kubadilisha?" aliuliza, kwa ukali uliozidi kiasi.

"Mimi? Nilizigawa mashine zikiwa tupu. Kila mtu aliweka nywila yake mwenyewe, nikiwa nimegeuka nyuma. Waulize."

"Nitawauliza. Niorodheshee hao saba."

Walikuwa watu wa heshima zao, wote wamechaguliwa kwa makofi. Rozina wa duka la pembejeo Majengo. Fabiani, fundi seremala wa Chanji. Mwalimu Leonsi, mwenyekiti wa ghala, mstaafu wa hesabu, Itelele. Na wengine wanne wa vijiji vya jirani. Asnath aliyapitia majina moja moja na njama haikumwingia akilini. Watu watano wenye majina yao wale njama kwa ajili ya ulezi usiojaza hata robo ya Fuso? Rozina peke yake aliuza mbolea zaidi ya hiyo kabla ya saa nne.

"Mashine zinaonyesha nini? Zinawaka, zinazima?"

Jenifer alimwonyesha. Mistari saba ya kijani, mahali pengine imekatika kwa nyekundu pale mashine ilipozimika. Miwili ilikuwa imekatika-katika kama kanga iliyoliwa na panya. Mitano ilikuwa ya kijani mwanzo mpaka mwisho, na wa Rozina ulikuwa mmojawapo.

"Hawa watano wanajitahidi," Jenifer alisema.

Asnath aliweka kidole kwenye mstari wa Rozina, wiki iliyopita. "Hapa nguzo ilianguka Majengo. Mtaa mzima haukuwa na umeme. Nina gauni kwa fundi pale, mpaka leo halijaisha kwa sababu hiyo. Mashine ya Rozina ilikula nini?"



* * *

Rozina alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alimkaribisha Asnath kwa vicheko, akamwita mwanangu, akamfutia kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua mbegu?"

"Nimekuja kuiona mashine ya ushirika."

Vicheko vilikatika. "Ipo chumba cha ndani. Ila ufunguo anao mume wangu, baba Adela, kaenda shamba."

"Nguzo ilipoanguka, duka lako lilikuwa na umeme?"

"Ungetoka wapi? Hata friji ya chanjo za kuku ilizima."

"Mashine haikuzima."

Rozina alichukua kitambaa akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi. Mteja aliingia kuuliza dawa ya viwavijeshi, akamwambia arudi baadaye, jambo ambalo pengine hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Mama, kuna mwenzako atasimama kizimbani Jumatatu."

"Funga mlango kidogo, mwanangu," Rozina alisema kwa sauti ya chini. Mlango ulipofungwa aliongea bila kumtazama. "Pale ghalani kuna kioo kikubwa ukutani. Mashine ikizima, picha yako inatokea na rangi nyekundu. Mkutano umejaa, picha yangu nyekundu. Luku iliisha tu, nilisahau. Mtu akasema kwa nguvu, mama mwenye duka zima anashindwa kununua umeme. Wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke."

"Ukafanya nini?"

"Nikampelekea Mwalimu Leonsi. Ana sola kubwa, mwanawe wa Dar alimfungia. Alinifundisha darasa la tano, yule hawezi kumsema mtu. Aliniambia, usijali Rozina, hatajua yeyote." Alipandisha macho. "Usimwambie Fabiani. Ndiye aliyecheka kuliko wote."

"Nywila je?"

"Nilimwachia. Mashine ikidai, nani atakuwa anakimbia huku na huku?"

* * *

Fabiani, kule Chanji, hakukwepa. Alimwingiza Asnath sebuleni kwa maringo, akamwonyesha kisanduku juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Hiyo hapo, afande. Haijazima hata siku moja. Siyo kama watu wengine wa Majengo, siwataji."

Asnath alifunua kitambaa. Chini yake kulikuwa na stabilaiza ya televisheni, tena mbovu, waya wake umekatwa.

Fabiani aliitazama kana kwamba imeingia yenyewe. Kisha bega moja likashuka, na la pili. "Mke wangu hajui," alisema. "Naomba uongee taratibu."

"Iko kwa nani?"

"Kwa Mwalimu. Lakini yangu tu, afande! Niliogopa wasije wakanicheka kama walivyomcheka Rozina. Wenzangu wote wanazo majumbani kwao."

Asnath alikaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Kila mmoja alimfuata mtu yule yule kwa siri, kila mmoja akijiona ndiye peke yake aliyeshindwa. Hawakukutana njiani, na kama walikutana, walizungumza habari za mvua. Mtandao ulipangwa ukae kwenye mikono saba. Aibu iliwafanya waukusanye kwenye mkono mmoja, na kioo cha ushirika kikaendelea kuonyesha nyumba saba.

"Yako, na ya Rozina," alisema. "Na nadhani na nyingine."

Fabiani alishika kichwa. "Rozina naye?" Alionekana kuumia kwa hilo kuliko kwa jambo lenyewe.

* * *

Mchana ulikuwa bado mweupe Asnath alipofika Itelele. Nyumba ya Mwalimu Leonsi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sola zimejaa paa, ua umefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Mwalimu alitoka kumpokea akiwa na koti na tai kuukuu, mzee mwembamba mwenye meno yote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Habari za Albina? Nimekuwa nikimwombea."

Asnath alikumbuka kwamba mzee huyu ndiye aliyemdhamini Albina kituoni. Alikuja na barua ya mtendaji, akasaini bila kusita, na Albina alimpigia magoti pale pale kaunta.

"Naomba kuona mashine yako, mwalimu."

"Yangu?"

"Zote."

Hakubisha. Alimpeleka chumba cha nyuma. Visanduku vitano vilikuwa rafuni, vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na taa yake ya kijani, na mbele ya kila kimoja kipande cha karatasi kilichoandikwa jina kwa mwandiko wa ubaoni. Hapakuwa na vumbi.

"Waliniletea wenyewe," Mwalimu alisema. "Sikumwomba hata mmoja."

"Najua."

"Walikuwa wanaona haya. Nilidhani nawasaidia."

"Mpaka Krismasi."

Mwalimu alishika ukingo wa rafu. Asnath hakumsaidia kuendelea. Katika kazi hii alishajifunza kwamba mtu mwongo hujaza ukimya kwa maelezo mengi, na mtu mwenye haya huuacha umle.

"Mvua za mwezi wa kumi na mbili," Mwalimu alisema hatimaye. "Pembe ya ghala ilivuja. Mtunza ghala wa zamani alinionya kabla hajaondoka. Aliniambia, mwalimu, yale mabati yatavuja. Nikamwambia mbele ya kamati kwamba mimi nimepima, paa lile lina miaka mingine kumi. Nilimcheka, afande. Watu wakacheka na mimi. Baada ya sikukuu nilifungua ghala peke yangu. Ulezi wa Albina ulikuwa umechipua ndani ya magunia, umeshikana, unanuka. Wa kwake tu. Wengine wote walikuwa upande mkavu."

"Ukaupeleka wapi?"

"Nimeufukia shambani kwangu. Nitakuonyesha."

"Kisha ukaja hapa."

"Kuna sehemu ya kusahihisha mzigo uliopimwa vibaya. Inataka watano wakubali." Alitazama visanduku. "Nilikubali mara tano. Iliuliza, sekunde mbili, ikamaliza."

"Ungeweza kuitisha kamati. Kumfidia ilikuwa kazi ya ushirika."

"Miaka arobaini nimefundisha watoto wa tarafa hii. Hawajawahi kunikuta na kosa. Nisimame tena mbele ya kamati ile ile, niseme nilikosea, mbele ya wale wale waliocheka na mimi..." Alitikisa kichwa. "Nilidhani Albina atanung'unika kidogo, ataacha. Mjane, hana mtu. Sikujua mtamkamata."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Asnath, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Yeye ndiye aliyemkamata. Alimsomea mzee haki zake, akampigia simu mkuu wake kwamba jalada lisiondoke Jumatatu, akaomba Jenifer aje kuvichukua visanduku kama vielelezo. Kisha akamwambia Mwalimu avae viatu.

"Tunakwenda kituoni?"

"Tunaanzia kwa Albina."

"Afande, nakuomba. Nifunge pingu sasa hivi. Kule usinipeleke."

"Vaa viatu, mwalimu."

* * *

Albina alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona Asnath alisimama haraka, macho yakatafuta gari. Kisha akamwona aliyefuatana naye, na uso wake wote ukalegea.

"Shikamoo mwalimu! Karibu, karibu ukae." Alikimbilia kigoda, akakifuta kwa kanga. "Afande, huyu baba ndiye mtu pekee aliyenisimamia. Wengine hata salamu waliacha."

Mwalimu hakuitikia shikamoo. Alisimama akitazama kigoda, hakukikalia, kisha akaanza kusema. Alisema kwa ufupi na kwa mpangilio, paa, mvua, magunia, visanduku. Albina alisikiliza huku kanga bado iko mkononi. Mwishoni alikaa mwenyewe kwenye kile kigoda.

"Ulichipua?" aliuliza.

"Ulichipua wote."

"Ungeniambia. Ningelia siku moja, nikanyamaza. Ulezi unalimwa, ningelima tena."

"Niliona aibu, dada."

"Aibu ukaniachia mimi." Hakupaza sauti. "Nimeitwa mwongo na watoto niliowabeba mgongoni. Jumuiya wameacha kusalia kwangu. Na wewe ukaja kunidhamini, nikakupigia magoti. Ulijisikiaje mwalimu, nilipopiga magoti?"

Mzee alikuwa analia, bila sauti, tai imemkaa upande. "Nisamehe. Nimeshakiri kwa afande, niko tayari kwa lolote. Aniondoe hata sasa hivi, tupite njia ya juu."

"Njia ya juu kuna nini?"

"Haina watu."

Albina alimgeukia Asnath. "Mimi ulinipitisha mnadani."

"Ni kweli, mama," Asnath alisema. "Uliniambia ukweli tangu siku ya kwanza, sikukusikiliza. Nakuomba unisamehe."

Albina alirudisha ungo mapajani, akatoa jiwe dogo kati ya maharage, akalitupa. "Kesho Jumapili. Matangazo ya kigangoni anasoma nani?"

Mwalimu alifuta uso. "Mimi."

"Basi utasoma na hili. Baada ya ndoa na michango."

"Albina, nifungeni miaka mnayotaka, lakini mbele ya kigango kizima—"

"Kufungwa ni mambo ya serikali. Walioniita mwongo ni wale wanaokaa kwenye mabenchi yale. Wataambiwa na nani?"

Mzee alimtazama Asnath kama mtu anayeomba kuokolewa. Asnath hakumwokoa. "Nitamleta, mama," alisema. "Atakuja na askari, lakini atakuja."

"Sijauliza kama utamleta," Albina alisema. "Nauliza kama na wewe utasimama useme."

Asnath alifikiria sare yake, na nyuso za watu wale wale wa mnadani zikimtazama kutoka kila benchi. Alihisi uso unamwaka moto, na safari hii hapakuwa na kompyuta ya kumficha.

"Nitasimama, mama," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.